Kukoroma: Mazoezi ya Ulimi na Koo, na Mkoromo wa Kupeleka Hospitali

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti katika siku ya afya iliyoandaliwa kwa ajili ya madereva wa kaunti, wahudumu wa bodaboda na familia zao. Tumeyachapisha kwa kuwa wakazi ambao hawakufika wameomba kuyasoma.

 

Mmezoea kuniona na kamera, nikipiga picha za uzinduzi wa visima na barabara. Leo nimepewa kipaza sauti nizungumzie kukoroma, na nimesikia kicheko huko nyuma kabla hata sijaanza. Chekeni tu, hakuna ubaya. Ila fahamuni kwamba katika maswali yanayoletwa kwa jarida letu, hili limerudi mara nyingi kuliko tulivyotarajia, na wanaoliuliza zaidi ni wake. Wanataka kujua kuhusu mazoezi ya ulimi na koo yanayosambazwa kwa simu: je, ni ya kweli, au ni njia nyingine ya kuwauzia watu mafuta? Mama mmoja alieleza kwamba kila usiku ikifika saa saba yeye huhamia kwenye kochi la sebuleni, na siku wageni wakilala sebuleni hana pa kuhamia. Mwingine, ambaye mumewe huendesha lori la masafa marefu, hakulalamikia kelele. Alisema mumewe hukoroma, kisha hunyamaza kabisa, kisha hushtuka akitafuta hewa kama mtu aliyeopolewa majini. Nitarudi kwa huyu wa pili, kwa maana ndiye aliyenifanya niombe nafasi hii.

Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na tulifunzwa kuuliza: nani amesema, amepima watu wangapi, kwa muda gani, na ananiuzia nini? Nimeyauliza hayo yote kuhusu mazoezi haya, na wenzetu wa idara ya afya wameyapitia ninayotaka kuwaambia. Jibu fupi ni kwamba mazoezi yanasaidia watu wengi wanaokoroma, mradi yafanywe kila siku kwa muda wa miezi. Hata hivyo kuna mkoromo wa aina nyingine, ambao ukiufanyia mazoezi nyumbani bila kumwona daktari utakuwa umefunika moshi huku moto ukiwaka chini.

Tuanze na sauti yenyewe inakotoka. Nyuma ya mdomo, pale ambapo hewa na chakula hupitia njia moja, ndipo penye koromeo. Pua imezungukwa na mfupa. Bomba la hewa linaloshuka kifuani lina pete za gegedu zinazolizuia lisijikunje. Koromeo, lililo kati ya hizo mbili, halina kitu kigumu cha kulishikilia wazi. Linategemea misuli: ulimi kwa mbele, kuta za koo pembeni na nyuma, na kaakaa laini kwa juu. Hebu kila mmoja aguse kaakaa kwa ncha ya ulimi sasa hivi. Mbele ni pagumu. Telezesha ulimi nyuma polepole, utafika mahali panapobonyea. Hilo ndilo kaakaa laini, na mwishoni mwake kinaning'inia kimio, ambacho wengi wenu mnakiita kilimi.

Mchana misuli hiyo iko kazini. Usiku inalegea kama misuli mingine ya mwili. Ukilala chali, ulimi unarudi nyuma kwa uzito wake, njia inakuwa nyembamba, hewa inapita kwa kasi, na zile nyama laini zinaanza kupigapiga. Madereva wa malori watanielewa haraka. Turubai lililofungwa ovyo hupigapiga njia nzima, na likikazwa kamba vizuri, upepo ni ule ule lakini kelele hakuna. Mazoezi tunayoyazungumzia ni ya kukaza kamba.

Turubai hilo hulegezwa na mambo mengi. Pombe ya jioni hulegeza misuli ya koo kuliko usingizi wa kawaida unavyofanya, na dawa za usingizi vivyo hivyo. Unene unaokusanyika shingoni hubana njia kutoka nje. Pua iliyoziba kwa mafua au mzio humlazimisha mtu kupumua kwa mdomo. Umri nao una fungu lake, na kwa wanawake wengi mkoromo huanza baada ya kukoma hedhi. Kwa hiyo akina mama, msiwacheke akina baba sana.

Sasa tufanye mazoezi yenyewe. Najua mtaoneana haya, lakini tuko pamoja, na mwenyekiti ameahidi kufanya nami.

La kwanza. Weka ncha ya ulimi juu, nyuma kidogo ya meno ya mbele. Bonyeza, halafu telezesha ulimi kuelekea nyuma huku ukiendelea kugusa kaakaa, mpaka ufike mwisho wa uwezo wako. Rudi mwanzo. Hiyo ni mara moja, na unatakiwa ufanye mara 20. Ikifika mara ya 12 hivi, ulimi utaanza kuchoka. Huo uchovu ndio tunaoutafuta, kama mkono unavyochoka ukichota maji kisimani.

La pili. Nyonya ulimi wote juu ushikamane na kaakaa, kuanzia ncha hadi shina. Mnajua ile sauti ya ulimi ya kumhimiza punda? Jiandae kama unayetaka kuitoa, ila usiuachilie ulimi. Ubane hapo juu kwa muda mfupi, legeza, kisha rudia. Mara 20 tena.

La tatu ndilo linalowashinda wengi mwanzoni. Ncha ya ulimi ibaki imegusa meno ya mbele ya chini, isitoke hapo. Kisha sukuma shina la ulimi, ile sehemu ya nyuma, lishuke kuelekea sakafu ya mdomo. Ukihisi kichefuchefu, punguza nguvu. Tumia kioo. Ukifanya vizuri utaona nafasi ya nyuma ya mdomo imefunguka. Mara 20.

La nne ndilo ninalolipenda mimi. Fungua mdomo useme A kwa kukatakata: A, A, A. Mwambie mwenzako akumulikie kwa tochi ya simu atazame kimio. Kila ukisema A, kaakaa laini linapaswa kupanda, na kimio kiinuke pamoja nalo. Kama hakisogei, unasemea midomoni. Isukume sauti kutoka nyuma. Irabu A ya Kiswahili inafaa sana kwa kazi hii kwa sababu iko wazi na haikunji midomo. Aliyewahi kuimba a, e, i, o, u katika darasa la chekechea tayari ana nusu ya mafunzo. Mara 20, na ukizoea unaweza pia kuivuta moja ndefu, kisha ukapumzika.

La tano linahitaji mikono iliyonawiwa kwa sabuni. Ingiza kidole ndani ya shavu, usukume shavu nje kwa kidole, na shavu nalo likisukume kidole kirudi ndani. Mara 10 upande wa kulia, mara 10 wa kushoto.

La sita hufanywa mezani. Tafuna kwa zamu, upande huu kisha upande ule, midomo ikiwa imefungwa. Unapomeza, meno yagusane, ulimi uinuke kwenye kaakaa, na midomo isikazwe. Githeri inafaa zaidi kuliko uji, na sababu mnaiona wenyewe. Wengi wetu hutafuna upande mmoja tu na kumeza kwa haraka kama tunaokimbizwa. Hili halihitaji kutengewa muda, linahitaji tu kukumbukwa kila mlo.

Ukiyapanga vizuri, hayo matano ya kwanza huchukua dakika 8 hivi. Yafanye mara 3 kwa siku. Dereva wa ambulensi anayesubiri kwenye maegesho ya hospitali anazo dakika 8. Mwendesha bodaboda aliyeko stejini akingoja abiria anazo, ingawa abiria anaweza kumwogopa na kupanda pikipiki ya jirani. Usiyafanye ukiwa unaendesha. Mwenye maumivu ya taya, au aliyefanyiwa upasuaji wa mdomo au koo karibuni, azungumze kwanza na daktari wake.

Sasa niwajibu mliouliza kama haya ni ya kweli. Mazoezi niliyoeleza yametoka kwa wataalamu wa matamshi na wa usingizi nchini Brazil. Mwaka 2009 watafiti wa São Paulo walichapisha matokeo ya jaribio la watu 31 waliokuwa na tatizo la wastani la kukatika pumzi usingizini. Kundi moja lilifanya mazoezi ya ulimi, kaakaa na koo kwa miezi 3. Kundi la pili lilipewa mazoezi ya kupumua tu, ili lisijue kwamba halipati dawa yenyewe. Katika kundi la kwanza, idadi ya mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua sana kwa kila saa ya usingizi ilishuka kutoka takriban 22 hadi takriban 14. Kundi la pili halikushuka. Mwaka 2015 watafiti wa huko huko São Paulo walikuja na toleo fupi, hili la dakika 8 mara 3 kwa siku, na wakalijaribu kwa watu 39 waliokuwa na mkoromo wa kawaida au tatizo lisilo kali hadi la wastani. Safari hii hawakutegemea maneno ya wake na waume. Waliirekodi sauti yenyewe kwa mashine, kabla na baada. Baada ya miezi 3, mikoromo ilikuwa imepungua kwa asilimia 36, na nguvu ya sauti yote ya usiku kwa asilimia 59.

Kuna jaribio jingine ambalo siwezi kulipita, ingawa mwenyekiti anatazama saa. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi waliwachukua watu 25 waliokuwa wakikoroma na kukatika pumzi, na baadhi yao wakafundishwa kupiga didgeridoo, lile bomba refu la mti la wenyeji wa asili wa Australia. Walifanya mazoezi karibu kila siku kwa miezi 4. Usingizi wa mchana ukawapungua, na waliolala nao chumba kimoja wakasema wanasumbuliwa kidogo kuliko awali. Siri iko katika namna ya kupuliza: mpigaji huvuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa nje, sauti isikatike. Ufundi huo si mgeni kwetu. Wapiga nzumari wa Pwani wanaufahamu, na aliyewahi kuwatazama harusini ameona mashavu yao yanavyofanya kazi. Simtumi mtu akanunue nzumari kesho, hasa anayeishi kwenye nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba. Nawaonyesha tu kwamba koo ni misuli, na misuli hufunzika.

Kwa haki ya habari, lazima niseme pia udhaifu wake. Watu 31, 39 na 25 si wengi. Mwaka 2020 wataalamu waliokusanya majaribio ya aina hii na kuyapima pamoja walisema kwamba manufaa yanaonekana, lakini ushahidi bado ni mwepesi na majaribio makubwa zaidi yanahitajika. Itazameni pia ile hesabu ya kwanza. Kutoka 22 hadi 14 ni hatua nzuri, lakini kwa kipimo cha madaktari, mara 5 kwa saa tayari ni tatizo. Mtu mwenye 14 anakoroma kidogo zaidi ya zamani na bado anaumwa.

Hapo ndipo namrudia yule mama wa pili.

Alichokieleza kina jina: kukatika pumzi usingizini. Turubai halipigipigi tena, limelala moja kwa moja juu ya mlango. Kifua kinapanda na kushuka kikijaribu kuvuta hewa, lakini hewa haipiti. Kimya hicho kikifika sekunde 10 au zaidi, kinahesabiwa. Mara 5 hadi 15 kwa saa ni hali isiyo kali, 15 hadi 30 ni ya wastani, na 30 au zaidi ni kali. Mtu wa mara 30 kwa saa, akilala saa 7, amezuiwa pumzi mara 210 kabla ya alfajiri. Kila mara oksijeni inashuka katika damu, ubongo unashtuka, unamwamsha kwa sekunde chache, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa, na analala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Anajua tu kwamba ameamka amechoka kama aliyelima usiku kucha, na kichwa kinamuuma.

Moyo wake lakini umehesabu kila mara. Ugonjwa huu huenda pamoja na shinikizo la damu, hasa lile linalokataa kushuka hata mtu akimeza dawa vizuri, na pamoja na maradhi ya moyo na kiharusi. Kisha mchana kuna barabara. Mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi anaweza kusinzia macho yakiwa wazi. Gari la abiria likiwa katika kasi ya kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa kisheria, sekunde 4 za kusinzia ni karibu mita 90 bila dereva. Hapa mbele yangu wamekaa watu wanaobeba akina mama wanaokwenda kujifungua, watoto wa shule na malori ya maji. Ndiyo maana sikutaka mazungumzo haya yaishie kwenye kicheko.

Namna ya kujitambua si ngumu. Wewe hujisikii ukikoroma, kwa hiyo shahidi ni unayelala naye. Muulize swali moja tu: je, mimi hunyamaza katikati ya mkoromo kisha nikashtuka? Akisema ndiyo, usibishane naye. Usimwambie kwamba na yeye anakoroma, hata kama ni kweli. Anayelala peke yake aweke simu karibu na kitanda irekodi sauti usiku kucha, asubuhi asikilize. Jiulize pia kama husinzia ukisubiri kwenye msongamano, au kanisani na msikitini wakati wa mahubiri mafupi (yale marefu sote twasinzia), kama huamka na maumivu ya kichwa, au huenda haja ndogo mara nyingi usiku. Pima shingo kwa utepe wa fundi cherehani. Mwanamume mwenye shingo ya sentimita 43 au zaidi, na mwanamke mwenye 41 au zaidi, wako katika kundi la kuangaliwa kwa makini. Wembamba pia hupata ugonjwa huu, kwa hiyo shingo nyembamba si cheti cha afya.

Najua kinachowanyamazisha madereva. Nimezungumza na baadhi yenu pembeni, na hofu ni ile ile: nikisema nina ugonjwa wa usingizi, nitanyang'anywa gari. Sina mamlaka ya kutoa ahadi kuhusu kazi ya mtu yeyote, na sitaitoa. Ninachoweza kusema ni kwamba ugonjwa huu hutibika, na dereva aliyetibiwa huendesha akiwa macho. Anayeusema mapema anaenda kliniki kwa miguu yake. Anayeuficha anasubiri barabara imseme, na barabara haimsemi yeye peke yake.

Matibabu yenyewe hutegemea ukali. Kwa wengine kupunguza uzito hubadilisha mengi. Wapo wanaotengenezewa kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya ya chini mbele. Kwa hali kali, tiba inayotegemewa zaidi ni mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago cha puani ili koo libaki wazi, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1981 na daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia. Mashine hizi ni ghali, na si kila hospitali inazo wala vifaa vya kupima usingizi. Sitawaficha hilo. Lakini safari huanzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako shinikizo la damu, uzito na koo huangaliwa kabla ya kupewa barua ya rufaa. Anayetumia mashine anaweza kuendelea na mazoezi ya ulimi. Asiache tu mashine kwa sababu mkoromo umepungua, kwani kelele inaweza kupungua na pumzi ikaendelea kukatika.

Watoto wana habari yao. Mtoto anayekoroma usiku mwingi, analala mdomo wazi, anajipinda shingo akitafuta hewa, au amerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, mara nyingi ana tonsili zilizovimba au nyama zilizokua nyuma ya pua. Wengine darasani huonekana watundu au wazito wa kuelewa kumbe ni wachovu. Msianze kumfundisha A, A, A. Mleteni aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu wengi wa watoto hao husaidiwa na upasuaji.

Mama mjamzito aliyeanza kukoroma kwa nguvu amwambie muuguzi siku ya kliniki. Kukoroma huko kumehusishwa na shinikizo la damu la ujauzito, na kulisema huchukua nusu dakika.

Tafadhalini, msimpeleke mtu kukatwa kilimi na mkataji wa mtaani. Bado tunasikia watu wakishauriana hivyo, kwa watu wazima na hata kwa watoto wachanga, eti kilimi kirefu ndicho kinacholeta kikohozi na mkoromo. Mkoromo hautoki kwenye kilimi peke yake, mmeona wenyewe njia nzima inavyofanya kazi. Wembe usio safi huleta maambukizi, na damu ya mahali pale ni ngumu kuizuia. Wale wa kubandika mdomo kwa selotepu kabla ya kulala, mliyoyaona kwenye simu, jiulizeni mtapumulia wapi pua ikiziba saa nane usiku. Na mafuta ya kupaka shingoni yanayouzwa stendi hayafiki kwenye misuli ya koo. Aliyenunua ayapake miguuni.

Yapo mambo madogo yanayosaidia mazoezi yafanye kazi. Lala kwa ubavu. Anayejigeuza chali bila kujua ashone mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia na kuweka ndani mpira wa soksi kama ule wa watoto, utamsukuma arudi ubavuni. Acha pombe saa 4 au zaidi kabla ya kulala. Aliyeziba pua aisafishe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Wale wa São Paulo walifanya hivyo pamoja na mazoezi. Sigara nayo huvimbisha koo.

Kuhusu uvumilivu, nitasema ukweli. Wiki ya kwanza mtafanya wote. Ya pili watabaki nusu. Majaribio niliyoyataja yalipimwa baada ya miezi 3, kwa hiyo anayeacha wiki ya tatu na kusema hayafanyi kazi hajayajaribu. Chora miraba 90 kwenye karatasi, uibandike karibu na kioo, na uweke alama kila siku. Mpe mwenzako kazi ya kuandika pembeni jinsi usiku ulivyokuwa, kwa alama kutoka 0 hadi 10. Yeye ndiye mwenye masikio. Mkoromo ukipungua, endelea mara chache kwa wiki, maana misuli isiyotumiwa hulegea tena.

Mimi nimemaliza. Meza ya kwanza mlangoni ni ya kupima shinikizo la damu, ya pili ina utepe wa kupima shingo na mizani. Daktari amekaa kwenye hema dogo lililofungwa pazia, na unaweza kuingia na mke au mume wako ili shahidi aseme mwenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii wana karatasi zenye picha za mazoezi yote sita, hazilipiwi. Sasa tuchukue maswali, tukianza na mzee wa kofia nyekundu pale nyuma ambaye nimemwona akifanya lile la tatu mpaka sasa.